Staa Kafunga Kizazi Mbwa Wake Mkamtukana: Mmekosea Kosa Lenyewe

Leo naomba tuweke pembeni habari za nani kaachana na nani, tuongelee mbwa. Msikimbie, ubuyu upo humuhumu.

Wiki iliyopita msanii mmoja wa kike wa hapa Bongo, jina kapuni, alimposti mbwa wake jike amelala kwenye shuka la maua, tumbo limenyolewa, mshono unaonekana. Chini akaandika maneno machache tu, kwamba mtoto wake kafunga kizazi leo, tumwombee apone haraka.

Nyie! Komenti zilikuja kama mvua ya masika. "Hata mbwa naye uzazi wa mpango?" "Kamnyima haki yake ya kuzaa, Mungu anamwona." "Mambo ya wazungu haya." Halafu kuna mmoja akaandika kwamba dada kwa kuwa mwenyewe hajazaa, anamwonea wivu mbwa. Hiyo komenti ilipata laiki kuliko posti yenyewe. Tunajijua.

Jioni posti ikafutwa. Siku ya tatu akaja na video mpya. Mbwa yuleyule anakimbizana na mpira, anapanda ngazi, anarukia sofa, na dada anacheka huku anasema mnaona mtoto wangu alivyo mzima, wenye roho mbaya mlie. Mkamjazia makopa. Waliokuwa wanamtukana jana wakaandika "awww".

Mimi hapo ndo nilipowasha bando kwa hasira nikaanza kuandika hii makala. Kwa sababu mlimtukana kwa kitu cha maana alichofanya, halafu alipokosea kwelikweli mkampigia makofi. Kumfunga kizazi mbwa jike siyo ukatili. Ukatili ni kumrusharusha siku ya tatu akiwa na mshono tumboni. Na ukatili mkubwa zaidi ni ule tunaoufanya sisi tusiomfunga kizazi, ambao hakuna mtu anauposti.

Najua kwa sababu niliufanya mimi.

KUTOKA MAGANZO KWA UPENDO

Kwa wageni wa blogu hii, mimi ni mtoto wa Maganzo. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kwenye barabara kuu ya kwenda Mwanza, jirani na Mwadui, kwenye ule mgodi wa almasi alioanzisha Mkanada John Williamson mwaka 1940. Huku ukisikia mtu "kapata", ujue kapata jiwe. Mbwa wangu anaitwa Almasi. Msicheke, ndo mji wetu ulivyo.

Almasi nilimwokota. Alikuwa kitoto cha ukubwa wa kiatu, yuko peke yake kando ya barabara, anatetemeka. Mama alipomwona swali lake la kwanza halikuwa katoka wapi. Alimgeuza, akaangalia chini ya mkia, akasema, "Jike la nini hili? Litatuletea mbwa wa mji mzima hapa."

Hapo ndipo ilipo siri ya mbwa wa Kitanzania. Zunguka mtaani kwako uhesabu. Mbwa wengi wenye mwenyewe ni madume. Unadhani majike hawazaliwi? Wanazaliwa. Ila wakizaliwa hakuna anayewataka. Watu wakija kuomba mtoto wa mbwa swali ni moja tu: dume lipo? Kosa la Almasi lilikuwa kuzaliwa jike, na kwa kosa hilo alitupwa barabarani kabla hajajua hata kubweka.

Mama alikubali tukae naye. Alipofika kama miezi minane hivi, joto la kwanza likamshika. Madume yalijaa nyumbani kama wanakuja kwenye msiba. Wanapigana usiku kucha, wanachimba chini ya senyenge, jirani anarusha mawe, na mawe mengi yanampata Almasi wakati yeye hajamwita mtu. Nilimfungia chooni siku mbili. Siku ya tatu mdogo wangu akafungua mlango kwenda haja, basi, mchezo ukaisha.

Mimba ya mbwa ni kama siku 63, miezi miwili na kidogo. Almasi akazaa watoto saba, madume manne na majike matatu. Ndani ya mwezi na nusu madume yote manne yalikuwa yamechukuliwa. Moja liliondoka na mchimbaji aliyekuwa anaelekea machimbo ya dhahabu Mwakitolyo, alitaka mlinzi wa kambi. Majike matatu wakabaki. Nikaposti picha zao, nikapata laiki za kutosha. Mtu wa kuja kuwachukua hakuna.

Mjomba akaja akasema, "We binti, hawa unawalea mpaka lini? Ugali wenyewe hautoshi watu." Akanielekeza cha kufanya, maana ndicho kinachofanywa.

Nikawaweka kwenye kiroba cha sukari. Nikapanda bodaboda mpaka nje ya mji, karibu na jalala, nikafikiri hapo angalau watapata mabaki ya kula. Nikafungua kiroba, nikawatoa mmojammoja. Wakati tunaondoka mmoja akaanza kukimbiza pikipiki, miguu mifupi, anaanguka anaamka. Dereva wa boda akaniangalia kwenye kioo, hakusema neno. Mimi pia sikusema.

Sehemu niliyowaacha ni barabara ileile nilikomwokota mama yao.

Nyumbani Almasi aliwatafuta siku nne. Ananusa kila kona, anarudi kwenye kibanda, anatoka tena. Sasa njooni mniambie kuhusu haki ya kuzaa. Haki ya kuzaa halafu watoto wanaenda wapi? Nyie mnaokomenti mna nafasi nyumbani ya majike matatu? Hata mmoja tu?

MANENO YA MTAANI NA UKWELI WAKE

Nilipoanza kuuliza namna ya kumfunga kizazi, kila mtu alikuwa daktari. Mama jirani, ambaye ananipenda kwelikweli, aliniita pembeni akaniambia, "Mayu, wewe mwenyewe bado hujazaa, unaanzaje kufunga kizazi cha mwenzio?" Nikacheka, nikamwambia mama, mwenzangu ana miguu minne. Ila hoja zake na za wengine nilizipeleka kwa daktari wa mifugo mjini, moja baada ya nyingine. Nawapa kama nilivyopewa.

Wanasema lazima azae angalau mara moja ndo awe na afya. Siyo kweli. Kuzaa hakumwongezei afya yoyote. Kinyume chake, mbwa aliyefungwa kizazi kabla ya joto la kwanza ana nafasi ndogo sana ya kupata saratani ya matiti ukubwani. Kila joto linalopita hiyo faida inapungua.

Wanasema atanenepa awe kama gunia. Mwili wa mbwa aliyefungwa kizazi unahitaji chakula pungufu kidogo kuliko zamani, hiyo ni kweli. Anayemnenepesha ni wewe unayemjazia sahani ileile. Punguza ugali, mtembeze, kwisha.

Wanasema hatalinda tena. Jamani, mbwa halindi kwa kizazi. Analinda kwa sababu anakujua wewe, analijua geti, na hamjui yule anayeruka ukuta saa nane usiku. Almasi wangu leo anabweka kuliko zamani. Tofauti ni kwamba sasa yuko nyumbani mwaka mzima, hana wiki tatu za kuvurugwa na madume kila baada ya kama miezi sita.

Wanasema ni ukatili. Basi ngoja nikupe ukatili. Jike asiyefungwa anaweza kuoza kizazi kwa ndani, kikajaa usaha wiki chache baada ya joto kupita, na wengi hufa mwenye mbwa akidhani amekula sumu. Kuna pia uvimbe unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wakati wa kupandana, unaota sehemu za siri, unachuruzika damu. Mmeshawaona mbwa wa namna hiyo sokoni na stendi, mkawafukuza mkidhani wamelogwa.

Na hili la mambo ya wazungu liishe. Hapo Usa River, Arusha, kuna kituo kinaitwa Mbwa wa Africa kinachofanya kazi ya kuchanja na kufunga kizazi mbwa wa vijijini. Jirani zetu Nairobi wana KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama lenye zaidi ya miaka 100. Na sisi wenyewe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Mambo haya ni ya kwetu, tumechelewa tu kuyasikia.

Halafu kuna yule mchekeshaji wetu, naye jina kapuni, aliyeingia kwenye ule mjadala akasema jike ni mtaji. Ana jike la Kijerumani, kila joto linazalishwa, kila uzao anaposti watoto na bei ya kuzimia. Kaka, hatukukatazi biashara. Ila mashabiki zako wa huku Kanda ya Ziwa wanaosikia "jike ni mtaji" hawana jike la Kijerumani. Wana mbwa koko kama Almasi, ambaye watoto wake hata bure hawachukuliwi. Mtaji wao unaishia kwenye kiroba.

KABLA YA KISU

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana wengi mnatukana kitu msichokijua.

Kumfunga kizazi jike ni upasuaji mkubwa. Anawekwa nusu kaputi, tumbo linafunguliwa, mishipa ya damu inafungwa, mifuko ya mayai inatolewa pamoja na kizazi, halafu anashonwa tabaka kwa tabaka. Siyo kazi ya fundi wa mtaani mwenye wembe. Wale wanaohasi madume ya ng'ombe kwa koleo wana ujuzi wao na tunauheshimu, lakini hapa ni ndani ya tumbo. Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Muulize usajili wake bila aibu. Hela ni yako na mbwa ni wako.

Muda mzuri kwa wengi ni kuanzia kama miezi sita. Akiwa kwenye joto madaktari wengi watakwambia subiri, kwa sababu mishipa ya kizazi inakuwa imejaa damu na hatari ya kuvuja inaongezeka. Akiwa na mimba au amezaa juzi, sema ukweli wote, daktari apange.

Usiku wa kuamkia upasuaji hapewi chakula. Tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, matapishi yakaingia kwenye mapafu. Hapa ndo watu wanaharibu. Wanamwonea huruma, asubuhi wanamtupia kipande cha ugali, halafu wanamwambia daktari hajala kitu. Huruma ya hivyo inaua. Maji, mfuate daktari atakavyokwambia.

Mimi Almasi nilimpeleka kwa gari la rafiki yangu, tumemtandikia gunia siti ya nyuma. Alipimwa uzito, maana dawa ya usingizi inapigwa kwa kilo, akapigwa sindano, akalegea mikononi mwangu ulimi umetoka pembeni. Nilitoka nje nikalia kama nimempeleka mtoto. Baada ya kama saa moja daktari akaniita, kazi imekwisha. Nikadhani imekwisha kweli.

SIKU 10 ZAKO

Usiku wa kwanza mbwa analewa dawa. Anayumba, analia kidogo, anatetemeka kwa sababu mwili umepoa. Mlaze ndani, chini, kwenye kitu kikavu na cha joto. Usimweke juu ya kitanda wala kochi, ataanguka. Mtenge na mbwa wengine na watoto. Akizinduka vizuri mpe maji kidogo, baadaye chakula kidogo chepesi. Mimi nilimpa uji mzito na dagaa wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu kwa mbwa ni sumu hata kama haumwi.

Kuanzia siku ya pili, kagua mshono asubuhi na jioni. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za mwanzo ni kawaida. Piga picha kila siku, simu ndo kazi yake, ili ulinganishe jana na leo. Hiyo ndo albamu ya maana kuliko selfi zako.

Asilambe mshono. Narudia, asilambe. Mtaani tunaamini mate ya mbwa ni dawa. Mate ya mbwa yana vijidudu, na ulimi wake unafungua nyuzi. Kuna zile kola kubwa kama tarumbeta zinazovaliwa shingoni. Kama huzipati, fanya kama mimi. Nilichukua ndoo kuukuu, nikatoboa kitako kwa kisu, nikazungushia kitambaa ukingoni isimkate shingo, nikaifunga kwenye mkanda wake. Alionekana kama antena ya king'amuzi lakini ilifanya kazi. Wengine wanamvalisha fulana ya zamani, miguu ya mbele inapita mikononi, chini wanaikunja na kuifunga fundo mgongoni.

Usimwogeshe mpaka daktari aseme amepona. Usipake majivu, chumvi, spiriti wala oili chafu. Mshono unataka kuwa mkavu na safi, basi. Akichafuka mfute pembeni kwa kitambaa safi.

Dawa ya maumivu ni ile aliyokupa daktari peke yake. Panadol, brufeni, diklofenaki, hizo za kwako ulizonunua dukani zinaweza kuharibu ini, figo na tumbo la mbwa. Usipime kwa akili ya kwamba nusu kidonge hakina shida.

Na hakuna kukimbia, kuruka wala kupanda ngazi. Akitoka kwenda haja, atoke na kamba, taratibu, arudi. Juu unaona mshono mmoja, ila ndani kuna nyama iliyoshonwa ambayo huioni, na ndiyo inayoshikilia utumbo.

Sasa nisikilizeni kwenye siku ya nne, kwa sababu hapo ndipo nilipoanguka mimi na ndipo alipoelekea kuanguka yule staa.

Siku ya nne mbwa anajisikia vizuri. Anakula, anatikisa mkia, anakuangalia na ndoo yake shingoni kwa macho ya kusikitisha. Jioni hiyo nilikuwa na kicheni pati ya rafiki yangu. Nimeshavaa, nimeshajipodoa, nikamwangalia nikaona kapona huyu, acha nimpumzishe kidogo. Nikamvua ndoo. Nikasema naenda saa moja tu. Mnajua saa moja ya kicheni pati inavyokuwa.

Narudi saa nne usiku, damu kwenye sakafu. Almasi kakaa kimya kwenye kona. Alikuwa ametoa nyuzi mbili, mwisho wa mshono umefunguka, ngozi imeachama, pamevimba na ananilamba mkono kama ananiomba msamaha yeye. Nikampigia daktari huku nalia. Akaniambia nifunike kwa kitambaa safi nilichokipiga pasi, nisiminye kitu, nisimwage dawa yoyote, nimrudishie ndoo, nikae naye, na alfajiri nimlete. Usiku ule sikulala, na kope zangu za bandia nilizivulia kwenye karai la maji ya Almasi.

Asubuhi akashonwa upya, akaanzishiwa sindano za kuzuia maambukizi. Kwa bahati tabaka la ndani lilikuwa halijafunguka. Daktari hakunigombeza. Aliniambia tu, "Binti, mimi kazi yangu ilikuwa saa moja. Yako ilikuwa siku 10. Umeikimbia siku ya nne."

Hiyo sentensi imenikaa kichwani mpaka leo. Hela ya kushona mara ya pili ilinitoka mimi, lakini kisu cha mara ya pili alikipata yeye.

Kwa hiyo, ukiona hivi usisubiri kuuliza kwenye magrupu, piga simu kwa daktari hapohapo: damu inadondoka badala ya kulowesha kidogo, fizi zimekuwa nyeupe, mshono unanuka au unatoa usaha, umefunguka, tumbo linajaa, anatapika mfululizo, hajala zaidi ya siku nzima, au amelegea hataki kuinuka. Mambo yakienda vizuri, kati ya siku ya 10 na ya 14 nyuzi za juu zinatolewa, na mbwa wako anarudi kwenye maisha yake. Hakuna tena damu ya joto, hakuna msafara wa madume getini.

KUHUSU HELA NA KICHAA

Najua mnachotaka kusema. Hela. Ni kweli, siyo bei ya soda, na inatofautiana kwa mahali na ukubwa wa mbwa. Ila piga hesabu yako mwenyewe. Jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Chakula cha mama mwenye mimba, cha watoto saba mpaka waachishwe, dawa za minyoo, chanjo, na mwisho kile kiroba ambacho hakina bei lakini unakilipia usiku ukilala. Mimi nilikusanya kwa miezi mitatu, nikaahirisha wigi moja. Bado ninaishi na nywele ninazo. Majirani mkiwa watatu au wanne mnaweza kwenda kwa daktari mmoja siku moja mkaomba awapunguzie. Muombeni, mdomo haulipiwi.

Na msichanganye mambo. Kufunga kizazi hakuzuii kichaa cha mbwa. Kichaa kinazuiwa na chanjo, na kila mbwa anaihitaji, jike kwa dume. Lakini viwili hivi vinasaidiana. Shirika la Afya Duniani linasema angalau asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Sasa fikiria kampeni imepita mtaani kwenu, mbwa wote wamechomwa, mwezi ujao wanazaliwa watoto 20 ambao hawajachanjwa, nusu yao wanatupwa majalalani ambako watoto wa binadamu wanapita kwenda shule. Ile asilimia inashuka hivihivi unaiangalia. Kichaa dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu moja kwa moja hospitali. Usianzie kwa mganga.

Mbwa wakishakuwa wengi tunaanza kudai halmashauri iwapige risasi. Wanapigwa, mtaa unatulia kidogo, halafu jike mmoja aliyenusurika anazaa saba. Tumekuwa tukiua matokeo na kuacha chanzo kikichezewa na madume getini.

DADA STAA, HII YAKO

Dada yangu, najua unapita humu, uliwahi kulaiki makala yangu moja. Ulifanya jambo ambalo mastaa wengi wenye mbwa wa kuringia hawajawahi kulifanya. Ulipotukanwa ulipaswa kunyamaza na kuiacha ile posti pale. Badala yake ukamfanya mgonjwa acheze ili sisi tunyamaze. Mbwa hajui kutrendi. Hajui kwamba ile video ni ya kuwakomesha watu. Anajua umerusha mpira, na kwa kuwa anakupenda, anaufuata hata kama tumbo linamuuma.

Rudisha ile posti ya kwanza. Halafu tuposti siku ya 5 akiwa kalala na kola yake shingoni, siku ya 8, siku ya 12 nyuzi zinatolewa. Una wafuasi wengi kuliko daktari yeyote wa mifugo nchi hii. Wasichana kama mimi waliopo Maganzo, Kahama na Geita, wenye jike nyumbani na mjomba anayenyoosha kidole kwenye kiroba, wataona kuna njia nyingine.

Kuhusu wale watatu niliowaacha jalalani, nilirudi wiki moja baadaye na nusu mkate. Sikuwakuta. Sitawadanganya kwamba naamini walichukuliwa.

Almasi yupo. Ninavyoandika hii kalala mlangoni, manyoya ya tumboni yameshaota, ukipapasa utakuta tu kamstari. Juzi mama jirani alikuja jioni, akasimama pale getini muda mrefu anamwangalia. Mwanawe wa kiume kamletea mbwa kutoka machimboni, kumbe ni jike, amegundua kwa kuchelewa. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka weee, mara mvua, mara bei ya mahindi. Mwisho akasema, "Mayu, lile ndoo la Almasi bado unalo?"

Nikamwambia lipo, mama. Njoo ulichukue, na namba ya daktari pia.

Haya, uwanja ni wenu. Nani ana jike nyumbani na amefikia wapi? Na wewe uliyemwambia dada wa watu anamwonea wivu mbwa, karibu kwenye komenti, tuanze na wewe.